Bei ya chini ya serikali kwa ulezi, uwele na mtama: maana yake nini?

Serikali ikisema inaunga mkono kilimo cha ulezi, uwele na mtama, wengi wetu tunafikiria mbegu za bure na mabango ya uhamasishaji. Mbegu zinasaidia, ndiyo. Lakini swali la mkulima ni jingine: nikishavuna, gunia hili nani atalinunua, na kwa kiasi gani?

India ina jibu linaloitwa bei ya chini, yaani kima cha chini kinachowekwa na serikali, si bei nafuu. Kabla ya msimu kuanza, serikali kuu hutangaza bei za mazao zaidi ya 20, zikiwemo za nafaka hizi tatu. Soko likiporomoka, mkulima ana haki ya kutumaini kuuza kwenye kituo cha serikali kwa bei iliyotangazwa. Bei hiyo haimbani mfanyabiashara binafsi. Ni ahadi ya serikali kwamba yenyewe itanunua. Pasipo na kituo, ahadi inabaki kwenye karatasi.

Hapo ndipo nafaka hizi zilipopotelea. Tangu Mapinduzi ya Kijani ya miaka ya 1960, yaani kampeni ya mbegu mpya zenye mavuno mengi, ngano na mpunga vilipata vituo, maghala, mbolea ya ruzuku na maji ya mifereji. Ulezi na wenzake waliachiwa mashamba makavu. Wakulima wanalaumiwa kwamba waliusahau ulezi, na lawama hiyo siikubali: walifuata zao lenye mnunuzi.

Mwaka 2018 mambo yalianza kugeuka. Bei ya chini ya ulezi ilipanda kutoka rupia 1,900 hadi 2,897 kwa kilo 100. Mwaka huohuo serikali iliacha kuziita nafaka hizi kwa jina lililomaanisha kwamba si laini, ikaziita nafaka lishe. Jina si jambo dogo. Chakula kikishaitwa cha maskini, mtoto anaona haya kukifungua mbele ya wenzake, hata kama ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mchele kwa mbali sana.

Upande wa kula nao una historia yake. Sheria ya chakula ya 2013 iliweka bei kwenye maduka ya mgao, yanayotoa nafaka zilizonunuliwa na serikali: mchele rupia 3 kwa kilo, ngano 2, nafaka hizi rupia 1 tu. Ndizo zilizokuwa rahisi kuliko zote, na bado familia nyingi hazikuzikuta dukani, kwa sababu serikali haikuwa imezinunua kwa wingi. Jimbo la Odisha liliunganisha ncha hizo mbili kuanzia 2017, likianza na wilaya 7. Ulezi, ambao wenyeji huuita mandia, ulinunuliwa kwa bei ya chini, ukaingizwa kwenye mgao, na watoto wadogo wa baadhi ya wilaya wakapewa ladu, vitufe vitamu, za unga wake katika vituo vya malezi. Ladu ni zilezile tunazozijua Pwani.

Na ulezi wenyewe ulitoka huku kwetu, nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, ukafika India maelfu ya miaka iliyopita. Kule Karnataka, jimbo la kusini mwa India, wanausonga kuwa donge zito, mudde, wanakata tonge, wanachovya kwenye mchuzi na kulimeza bila kulitafuna. Msonga ugali yeyote angejua mwiko unavyoelemea mkononi.

Jambo linalosahaulika mno ni mashine. Mchele unatoka dukani tayari kwa sufuria. Uwele una mafuta, kwa hiyo unga wake haukai sana kabla ya kuanza uchungu. Inabidi usagwe kidogo kidogo. Nafaka nyingine ndogo za jamii hii zina ganda gumu, na bila mashine ya kukoboa ni mchi na kinu, kazi ambayo kwa kawaida huwaangukia wanawake. Ndiyo maana mradi wa Odisha ulipeleka mashine za kukoboa na kusaga vijijini, zikaendeshwa na vikundi vya wanawake.