Mtoto asiyejua kusoma haponi kwa kuhamishwa shule

"Mwalimu, tumeamua kumhamishia shule ya mchepuo wa Kiingereza, labda atachangamka." Mwezi huu maneno hayo nimeyasikia mara tatu. Mara ya mwisho yalitoka kwa baba aliyekwisha kulipa ada ya muhula na kushona sare. Mwanawe yuko Darasa la Tatu na bado hawezi kuunganisha silabi. Ukimwandikia "kula" atasema "ku... ku...", kisha anakutazama mdomoni akisubiri umalizie.

Nafundisha watoto wenye ugumu wa kujifunza, na hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba aliyeshindwa kusoma Kiswahili atafunguliwa na Kiingereza. Hofu ya wazazi naielewa, maana sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Ila tuangalie kile tunachomtaka mtoto akifanye.

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Aliyeshika ba be bi bo bu na ma me mi mo mu anasoma "baba", anasoma "bomu", anasoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44. Herufi a ina sauti moja kwenye "cat", nyingine kwenye "cake", nyingine kwenye "car". Andika "though", "through" na "cough" uone kama mtoto mwepesi wa kuelewa hatakwama. Watoto wa Finland, ambao maandishi ya lugha yao hufuata sauti kama yetu, wengi husoma maneno sawasawa kabla mwaka wa kwanza wa shule haujaisha. Wenzao wa Uingereza, wanaosoma lugha ya mama zao, huhitaji miaka miwili au zaidi kufika hapo. Wewe unamtoa mwanao kwenye maandishi mepesi yaliyomshinda, unamtia kwenye magumu, tena kwa lugha asiyoisikia nyumbani wala gengeni!

Wazazi huniambia, "Lakini amebadilika, anaimba Kiingereza, daftari lake linapendeza." Kuimba ni kukariri na daftari ni kunakili ubaoni. Nina wanafunzi wenye mwandiko mzuri kuliko wangu ambao hawawezi kusoma walichokiandika. Mpime mwenyewe jioni: funika picha kwenye kitabu, weka kidole kwenye neno la katikati ya ukurasa, mwambie asome hilo tu. Kisha mwandikie neno lisilo na maana, mfano "temuko" au "lafipo". Anayejua kusoma atalitamka. Aliyekariri atakisia au atanyamaza.

Wakati mwingine chanzo ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma unaotokana na shida ya kushughulikia sauti za lugha, na hapa Kiswahili kinaweza kutuficha ukweli. Kwenye lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, mtoto mwenye disleksia mara nyingi hufikia kusoma bila makosa mengi, ila polepole mno, silabi kwa silabi, mpaka akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Mwalimu mwenye darasa la watoto themanini ataandika tu "anasoma". Akikutana na Kiingereza, tahajia inamporomoka, na nyumbani wanasema Kiingereza kimemharibu. Shida ilikuwepo tangu Darasa la Kwanza, haikuonwa.

Kinachomsaidia ni kuanzia kwenye sauti, kwa lugha anayoijua. Mtoto anayesikia kwamba "mama" linaanza na m, na ukiondoa silabi ya kwanza kwenye "kalamu" inabaki "lamu", amepata ufunguo anaokwenda nao mpaka kwenye Kiingereza. Mimi huanza na silabi za Kiswahili hata kwa waliokwisha hamishwa, na wenye shule wasiopenda hilo tumeshazoeana. Nyumbani tafuteni sinia na mchanga mkavu: achore silabi kwa kidole huku akiitamka kwa sauti. Kateni kadi kutoka kwenye maboksi ya dawa ya meno. Dakika 15 kila siku, siyo saa mbili za Jumamosi. Silabi zikikaa ndipo niingize "sit", "pan", "pot", kwa sauti za herufi, siyo majina yake. Ukimfundisha "sii, ei, tii" usitegemee ayaunganishe apate "cat".

Mengine nitayapitia haraka. Kwamba kuongea Kiswahili nyumbani kunaua Kiingereza: hapana. Mtoto aliyesimuliwa hadithi nyingi na kuulizwa maswali kwa lugha anayoielewa hubeba uelewa huo anapojifunza lugha ya pili. Kwamba anayechanganya b na d anaona herufi kinyume: hapana, watoto wengi huzichanganya mpaka miaka saba hivi, na disleksia ni shida ya kushughulikia sauti za lugha, haitibiwi kwa miwani ya rangi. Macho na masikio yapimwe hata hivyo, tena mapema, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri huitwa mtundu kwa miaka. Kwamba ni mvivu, achapwe: nimepokea watoto waliochapwa miaka mitatu na hawakuongeza hata silabi moja, ila walijifunza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Kwamba akikua itaisha yenyewe: anayeachwa nyuma Darasa la Pili huwa nyuma zaidi la Nne, kwa sababu kuanzia hapo kila somo linamdai asome.

Yule baba ada yake hairudishwi, na sikumwambia amtoe mtoto. Nimemwomba aniletee Jumatatu na Alhamisi saa tisa alasiri, akiwa na sare yoyote ile. Siku zilizobaki mama yake amekubali kukaa naye na sinia la mchanga. Tutaanza na "ku" na "la".