Wachoctaw hawakunyamaza baada ya kuhamishwa

Wengi tumezoea kusimuliwa kwamba wenyeji wa asili wa Marekani walitia saini karatasi wasizozielewa, wakafukuzwa, habari ikaishia hapo. Kwa Wachoctaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji hao, si kweli.

Mkataba wa Dancing Rabbit Creek wa 1830 uliwanyang'anya ardhi yao Mississippi, ila kifungu cha 14 kilimruhusu mkuu wa familia kubaki na kupewa ekari 640, na nyongeza kwa kila mtoto. Ilibidi tu ajiandikishe kwa wakala wa serikali, William Ward. Maelfu walitaka kubaki. Ward aliandika wakuu wa familia 69 tu. Dhuluma hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha yote yaliyofuata.

Wachoctaw walishika maandishi yaleyale wakadai haki yao. Kiongozi wao Peter Pitchlynn na wenzake walikwenda Washington miaka ya 1850, na mkataba wa 1855 ukaliachia Baraza la Seneti kuamua. Mwaka 1859 Seneti iliwapa mapato halisi ya mauzo ya ardhi hiyo. Hesabu ikafika dola 2,981,247.30. Bunge likalipa sehemu ndogo tu, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka.

Pitchlynn alifuatilia deni hilo hadi alipofariki Washington, Januari 1881. Machi mwaka huohuo Bunge likaruhusu kesi ipelekwe Mahakama ya Madai, inayosikiliza madai dhidi ya serikali ya Marekani. Mahakama hiyo iliwapa Wachoctaw kiasi kidogo. Wakakata rufaa, na 1886 Mahakama ya Juu ikawapa zaidi ya dola milioni 2.8. Bunge liliidhinisha malipo 1888, ingawa mawakili walikula fungu kubwa.