Burj Khalifa: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Mnara wa Mita 828

Wengi hudhani kwamba adui mkuu wa jengo refu ni uzito wake. Uzito ni mkubwa kweli, lakini ni mzigo mtulivu: unajulikana tangu mwanzo na daima unaelekea chini. Kilichomshughulisha zaidi Bill Baker, mhandisi aliyeongoza usanifu wa muundo wa Burj Khalifa huko Dubai, ni upepo. Upepo unapopita ubavuni mwa mnara, huacha nyuma yake mizunguko ya hewa inayochomoka kwa zamu, kushoto na kulia, na mpigo huo ukioana na myumbo wa jengo lenyewe, mnara husukumwa kama mtoto kwenye bembea.

Kwa hiyo si kweli kwamba umbo lake la kupungua ngazi kwa ngazi ni pambo tu. Kwa kuwa upana hubadilika kadiri mtu anavyopanda, mizunguko hiyo haipati nafasi ya kujipanga na kusukuma kwa pamoja. Mifano midogo ya jengo ilipimwa mara nyingi mbele ya upepo wa mashine, na matokeo yakawafanya wasanifu wabadilishe mpangilio wa ngazi na hata uelekeo wa jengo zima. Mabawa yake matatu nayo huegemeana kupitia kiini cha katikati chenye pembe sita, ili jengo lisijisokote. Hata hivyo mnara huyumba, na ulikusudiwa uyumbe kidogo. Anayetaka jengo la kimo hicho lisilotikisika kabisa anadai kisichowezekana.

Wapo pia wanaoamini kwamba mnara huo umesimama juu ya mwamba mgumu. Chini ya Dubai kuna mwamba laini na maji ya chumvi. Jukwaa la zege lenye unene wa mita 3.7 limekaa juu ya nguzo 192 zilizozamishwa ardhini, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 1.5 na urefu wa takriban mita 43, na kinachozishikilia hasa ni msuguano kati ya ubavu wa nguzo na mwamba unaozizunguka.

Kuhusu chuma, wapo wanaodhani kwamba mnara wote ni wa chuma, na jibu ni fupi: sehemu kubwa ya mnara ni zege lenye nondo, na chuma kitupu huanza tu kwenye sehemu ya juu. Wakati wa joto zege hilo lilimiminwa usiku, likiwa limechanganywa na barafu, lisije likaganda haraka na kupasuka.

Mwisho, si mita zote 828 zinazokaliwa na watu. Takriban mita 244 za juu hazina ghorofa ya kuishi wala ya ofisi, na kipande hicho peke yake kinaupita kimo Britam Tower ya Nairobi, wenye takriban mita 200.