Kumchemsha Samaki Hakumtoi Zebaki

Tangu sisi wakaguzi tuanze kuzuia shehena za samaki wa maji baridi zinazoshukiwa kuwa na metali zenye sumu kama zebaki, swali linalotufikia karibu kila siku ni hili: "Maji mmeyapima yakawa salama, sasa samaki mnamzuilia nini?" Ni swali la haki. Maji yanaeleza siku yalipochotwa; samaki anaeleza maisha yake yote. Zebaki ikishatua kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, aina yake inayojikusanya mwilini, nayo hupanda kutoka kwa wadudu wa majini hadi kwa samaki wadogo, kisha kwa wale wanaokula wenzao. Ndiyo maana mla wenzake, tena mkubwa na mzee, huwa wa kwanza kutiliwa shaka hata kama maji yake yanang'aa.

Wapo wanaodai kuwa limau au siki humtoa samaki zebaki; hao tumeshawajibu mara nyingi mno. Zebaki hiyo imeshikamana na protini ya minofu. Kuchuna ngozi hakusaidii, wala kuchemsha. Ukimkausha ndiyo kabisa: maji yanatoka, zebaki inabaki. Kadimiamu na risasi, metali nyingine zenye sumu, hupendelea ini, figo, matamvua na mifupa, kwa hiyo kutupa kichwa na matumbo hupunguza, ingawa hakumalizi.

Kuna aliyetuletea sampuli iliyokatwa kichwa, imetumbuliwa na kutiwa chumvi. Hiyo ni kitoweo, si sampuli. Samaki aletwe mzima, kwenye barafu, na maelezo ya mahali alipovuliwa. Tunampima urefu na uzito, tunakata minofu ya mgongoni, tunaiyeyusha kwa asidi ya nitriki, ndipo mashine isome. Risasi ikizidi miligramu 0.3 kwa kilo, kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, shehena hufungwa lakiri na mwenye mali hujulishwa kwa maandishi. Kipimo cha pili kikithibitisha, shehena huteketezwa kwa gharama ya mwenye mali. Kuvunja lakiri ni kosa jingine, hata samaki wakionekana salama baadaye.

Hatujasema watu waache samaki. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, imeweka kikomo cha mikrogramu 1.6 (mikrogramu elfu moja ni miligramu moja) za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, ikimfikiria hasa mtoto aliye tumboni. Kwa mama wa kilo 60, kikomo hicho ni mikrogramu 96 kwa wiki. Samaki mwenye miligramu 0.5 kwa kilo humfikisha hapo kwa gramu 192 tu. Mjamzito achague samaki wadogo, wasiokula wenzao.