Jiografia kama Somo la Pili kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kila mwaka, wanachuo wa ualimu wa shule ya msingi wanapochagua somo la pili la kusoma kando ya somo lao kuu, wapo wanaoandika jiografia kwa sababu moja tu: wanadhani haitawasumbua. Nimewafundisha wanachuo wa namna hiyo kwa miaka mingi, na sikumbuki darasa lililoingia bila mzigo wa mawazo yaleyale. Nayaandika hapa kwa sababu kosa la mwanafunzi huishia kwenye karatasi yake ya mtihani, lakini kosa la mwalimu wa darasa la tatu huandikwa ubaoni, hunakiliwa na watoto hamsini, na baadhi ya watoto hao huja chuoni baadaye wakiwa bado nalo, tayari kulifundisha upya.

"Somo la pili ni la kujazia nafasi"

Neno "la pili" ndilo linalopotosha. Katika shule nyingi za msingi za Tanzania, hasa za vijijini, mwalimu hapangiwi somo moja. Hupangiwa masomo kadhaa kulingana na upungufu uliopo, na mara nyingi lile alilolichukua kwa mkono mlegevu ndilo linalokuja kumjazia vipindi vya wiki. Tena, mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeitoa jiografia katika Maarifa ya Jamii, ilimokuwa imeunganishwa na historia, ukaifanya somo linalojitegemea kwa jina la Jiografia na Mazingira kuanzia darasa la tatu. Zamani, mwalimu aliyeogopa ramani aliweza kukaa muda mrefu kwenye mada za historia na kuzipitia nyingine juu juu. Sasa hana nafasi hiyo.

"Jiografia ni kukariri majina"

Dhana hii ndiyo kongwe kuliko zote, na sisi wakufunzi tumeichangia kwa mitihani yetu ya kuuliza mlima mrefu, ziwa kubwa na mto mrefu. Majina yanahitajika, kwa kuwa hakuna anayeweza kufikiri kuhusu mahali asipopajua, lakini jina ni mlango tu wa swali, na swali lenyewe ni hili: kwa nini iwe hapa na si pale? Mtoto anayejua kwamba Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi atakuambia bila kusita kwamba ndilo lenye kina kirefu kuliko maziwa yetu yote, kwa sababu akilini mwake ukubwa ni kila kitu. Kumbe kina chake cha mwisho ni mita 80 na kidogo tu, ilhali Ziwa Tanganyika, ambalo eneo lake halifiki nusu ya lile la Victoria, lina kina cha mita 1,470, na duniani kote linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Tanganyika limejaa katika ufa, pale ardhi ilipopasuka na kudidimia katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Victoria limetandaa kama maji katika sinia, kwenye uwanda ulioinama kidogo kati ya mikono miwili ya bonde hilo. Mwalimu aliyeelewa hivyo hana haja ya kuwakaririsha watoto tarakimu yoyote, maana akiwaletea sinia na chupa, akamimina maji ya kiasi kilekile katika kila kimoja, wataona wenyewe.

Mlima Kilimanjaro nao una mambo mazito kuliko urefu wake wa mita 5,895. Upande wa kusini, Machame, Kibosho na Marangu, kuna migomba na kahawa. Upande wa kaskazini unaotazama Amboseli, Kenya, ni mkavu. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana kwanza na miteremko ya kusini, hupanda, hupoa na kumwaga mvua, kisha huvuka upande wa pili zikiwa zimekwisha kutua mzigo wao. Wachaga waliielewa hali ya mlima wao, wakachimba mifongo ya kuyaongoza maji hadi vihambani, yaani mashamba yao ya nyumbani, vizazi vingi kabla ya kuwapo kwa chuo chochote cha ualimu.

"Joto huja jua linapokuwa karibu"

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hili ni kosa ambalo mazingira yetu yenyewe yanalisaidia kuishi. Ni kweli kwamba dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na kuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kwa kilomita milioni 152. Sasa, mkazi wa Dar es Salaam anajua kwamba Januari ni ya joto na Julai ni ya ubaridi. Kwa hiyo mwanachuo akisema kwamba joto linatokana na ukaribu, hali ya hewa ya nje ya dirisha inamuunga mkono, naye anaondoka akiamini kuwa amethibitisha. Anachokisahau ni kwamba Januari hiyohiyo Ujerumani kuna theluji, na dunia haiwezi kuwa karibu na jua kwa watu wa Temeke na mbali nalo kwa watu wa Berlin.

Sababu ya kweli ni kwamba dunia inazunguka ikiwa imeinama kwa nyuzi 23.5 hivi, hivyo nusu ya kusini hulielekea jua katika Desemba na nusu ya kaskazini katika Juni. Jambo hili halifundishiki vizuri kwa mchoro peke yake, kwa hiyo huwaagiza wanachuo wasimike uwanjani fimbo iliyonyooka, yenye urefu wa mita moja juu ya ardhi, na kupima kivuli chake kinapokuwa kifupi kabisa katikati ya mchana. Kwa Dar es Salaam muda huo hauangukii saa sita kamili. Huangukia dakika ishirini hivi baadaye, ukipungua au kuongezeka kufuatana na tarehe, kwa kuwa saa zetu zinafuata mstari wa longitudo ulio mashariki zaidi, baharini. Karibu na tarehe 21 Juni kivuli hulala kuelekea kusini, kikiwa na sentimita 58 hivi. Katika siku kama hizo za Desemba huelekea kaskazini na kuwa na sentimita 30 tu. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, fimbo hukosa kivuli kabisa. Nimewaona watu wazima, wenye vyeti vya sekondari, wakiizunguka fimbo ile kukitafuta kivuli chake, na baada ya hapo hakuna hata mmoja aliyesema tena habari za ukaribu.

Fimbo hiyohiyo humfikisha mwalimu kwenye jambo linalowahusu wasemaji wote wa Kiswahili. Tunahesabu saa kuanzia macheo, saa moja asubuhi ikiwa ndiyo ya kwanza ya mchana, na hesabu hiyo imetufaa kwa karne nyingi kwa sababu tunaishi karibu na ikweta, ambako tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Watu wa nchi ambazo jua la Juni huchomoza usiku wa manane wasingeweza kupanga siku yao hivyo.

"Kaskazini ni juu"

Nilimtembelea mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha, darasa la tano, ramani ya Afrika ikiwa imetundikwa ukutani. Alikuwa akieleza kwamba mto Nile unatoka Ziwa Victoria na kumwaga maji yake Bahari ya Mediterania. Mtoto wa kiume aliyeketi dawati la nyuma akanyosha mkono: "Mwalimu, maji yanapandaje?" Swali lilikuwa la busara sana, kwa sababu kwenye ukuta ule Misri ilikuwa juu karibu na dari na Uganda ilikuwa chini. Mwanachuo akajibu kwamba Nile ni mto wa ajabu, tofauti na mito mingine, akaendelea na somo, na watoto wakaandika katika madaftari yao kwamba Nile ni mto wa ajabu.

Baada ya mapumziko tuliishusha ramani tukaitandika sakafuni, tukaizungusha mpaka kaskazini yake ikalingana na kaskazini ya kweli, iliyokuwa upande wa choo cha shule. Tuliweka kifuniko cha chupa pale Jinja, ambako mto huliacha ziwa, tukawaeleza watoto kwamba uso wa ziwa hilo upo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Yule mtoto alikisukuma kifuniko kwa kidole hadi baharini, akasema, "Kumbe unateremka!" Ramani zote za darasa la tatu na la nne zingefaa kusomewa sakafuni kwanza, na ukuta ungoje.

Lugha yetu inamsaidia mwalimu hapa kuliko vitabu vingi. Kaskazini imetokana na kaskazi, upepo ulioyaleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi pwani yetu, na kusini imetokana na kusi, upepo ulioyarudisha makwao. Mashariki na magharibi ni maneno yenye asili ya Kiarabu ya kuchomoza na kuchwa kwa jua. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo manne linalomaanisha juu, chini, kulia wala kushoto.

Kosa jingine la ramani ya ukutani nitalitaja kwa ufupi. Katika ramani za dunia zilizochorwa kwa kufuata utaratibu wa Mercator wa mwaka 1569, uliokusudiwa kuwafaa mabaharia, Greenland huonekana kulingana na Afrika. Afrika ni kubwa kuliko Greenland takribani mara 14. Mwalimu asipolisema hilo, ramani italisema kinyume chake kila siku ya shule.

"Ni somo la walioshindwa hesabu"

Mwenye kusema hivi hajawahi kuulizwa kipimio cha ramani. Ramani ya 1:50,000 ina maana kwamba sentimita mbili ni kilomita moja, na mwalimu asiyeweza kulifikia jibu hilo kwa kichwa hawezi kuisoma ramani ya wilaya anayofundisha. Darasa la mita 8 kwa 6 likichorwa kwa kipimio cha 1:50 linakuwa sentimita 16 kwa 12 katika daftari. Ni uwiano uleule wa kipindi cha hisabati, isipokuwa hapa mtoto anaweza kuutembea kwa miguu.

"Watoto wa msingi ni wadogo mno kwa mambo haya"

Tarehe 26 Desemba 2004, katika ufuo wa Maikhao huko Phuket, Thailand, mtoto wa Kiingereza aitwaye Tilly Smith, mwenye umri wa miaka 10, aliona maji ya bahari yakitoa povu na kwenda kwa namna aliyokuwa amefundishwa wiki mbili kabla katika kipindi cha jiografia. Akawasihi wazazi wake waondoke, ufuo ukahamishwa watu, na tsunami ikapiga. Mawimbi hayohayo yaliivuka bahari yote ya Hindi na kuua watu hadi Somalia na Tanzania.

Watoto wetu nao wanajua mengi, nasi hatuwaulizi. Katika shule iliyo jirani na korongo, mwanachuo wangu aliwapa darasa la tatu kazi ya kuchora ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Msichana mmoja alichora njia mbili, moja fupi na nyingine ikizunguka mbali mpaka kwenye daraja. Mwanachuo alikuwa ameshamwekea mkasi wa kalamu nyekundu, yaani alama ya kukosa, kwa kuwa swali lilitaka njia moja. Nilimwomba amuulize kwanza. Msichana akaweka kidole kwenye ile fupi, akasema, "Hii ya kiangazi," kisha kwenye ile ndefu, "Hii ya masika, korongo linajaa." Mwanachuo aliuangalia mchoro kwa muda, akaufuta ule mkasi, akamwomba msichana aje auchore tena ubaoni.