Upepo wa Mlango Bahari wa Zanzibar hautabiriki kwa tarakimu moja

Wanaovuka kati ya Dar es Salaam na Unguja huniuliza upepo wa kesho utakuwa wa kasi gani, nami hulazimika kuwauliza kwanza: ufukwe upi, na saa ngapi?

Msingi wa utabiri ni upepo wa msimu. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, huvuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Mei na kupata nguvu katikati ya mwaka, pale mgandamizo mkubwa wa hewa karibu na visiwa vya Mascarene, mashariki ya Madagaska, unapoimarika. Modeli za dunia, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya dunia nzima, huimudu vizuri sehemu hii. Hata hivyo, data za modeli ya Marekani ya GFS ambazo wengi huzipakua zina nafasi ya robo ya digrii, yaani takribani kilomita 28 kati ya nukta na nukta, ilhali mlango bahari wenyewe, mahali unapobana zaidi, una upana wa kama kilomita 35. Pwani zote mbili humezwa humo.

Kinachopotea ni upepo wa bahari, ambao huanza pale nchi kavu inapopata joto kuliko maji na kuvutia hewa kutoka baharini. Tuseme mchana wa Julai kusi inavuma kutoka kusini kwa kilomita 24 kwa saa, na kila ufukwe unaongeza kilomita 10 za upepo wake. Dar es Salaam huvuta hewa kutoka mashariki, Mji Mkongwe huivuta kutoka magharibi. Ukijumlisha kwa vekta, yaani kwa kuzingatia kasi pamoja na mwelekeo, pande zote mbili zinapata kilomita 26, lakini mwelekeo unatofautiana kwa digrii 45. Nahodha aliyepanga tanga kwa kusikiliza kasi peke yake atashangaa kabla hajafika bandarini.

Wakati wa kaskazi, upepo wa bahari upande wa Dar es Salaam huelekea karibu njia moja na upepo wa msimu, hivyo alasiri hukaza kuliko modeli inavyoonyesha. Alfajiri, umande, yaani upepo mwanana unaotoka bara kwenda baharini, huipunguza kaskazi, na wavuvi wa ngalawa wameupangia ratiba tangu zamani: hutoka na umande, hurudi na upepo wa mchana. Wingu zito likitanda tangu asubuhi, nchi kavu haipati joto la kutosha, nami huiondoa nyongeza hiyo kwenye hesabu.

Kisha kuna maji. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mkondo unapokwenda kinyume na upepo, mawimbi hufupika na kusimama. Kwa chombo kidogo, jambo hilo naliona zito kuliko nyongeza ya kilomita 5 za upepo.

Kwa kuhakiki, sitegemei anemomita (kipima kasi ya upepo) ya uwanja wa ndege pekee, kwani majengo na miti huupunguza upepo kabla haujafika huko. Usomaji wake nauchukua kuwa kiwango cha chini cha kile kinachovuma kwenye maji ya wazi.