Kinachobaki chini ya barabara ya juu

Mara nyingi huulizwa kwa nini foleni ya makutano ya TAZARA, Dar es Salaam, haijaisha ilhali daraja lilifunguliwa tangu Septemba 2018, nami kabla ya kujibu humtaka muulizaji aniambie anatoka wapi na anakwenda wapi. Anayetoka mjini kwenda uwanja wa ndege kwa Barabara ya Nyerere hupita juu ya Daraja la Mfugale bila kusimama, lakini anayetoka Buguruni kwenda bandarini kwa Barabara ya Mandela huyakuta mataa palepale yalipokuwa.

Makutano ya kawaida ya njia nne yana sehemu 32 ambako mikondo ya magari hugusana, na 16 kati yake ni za kukatizana, ambako ajali huwa mbaya zaidi. Kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, msumbufu mkubwa ni anayekata kulia, maana hana budi kuwavuka wanaokuja mbele yake. Ndiyo sababu hesabu ya magari tunayoifanya kabla ya usanifu haitafuti jumla tu, bali inataka kujua kila gari limeelekea wapi. Jumla ikiwa kubwa na wengi wao wakawa wanakata kulia, daraja la mkondo mmoja ulionyooka litawasaidia wachache. Pale Ubungo, ambako Barabara ya Morogoro hukutana na Mandela na Sam Nujoma, ilibidi zijengwe barabara za ngazi tatu, moja juu ya nyingine, na zilizinduliwa Februari 2021 kwa jina la Kijazi.

Ardhi nitaigusa kwa ufupi, ingawa kwa walioamka wakakuta alama ya X ya kubomolewa ukutani si jambo fupi hata kidogo. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na mwenye nyumba hutazama kwanza rangi: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, kijani kwa anayestahili fidia.

Sehemu inayoninyima usingizi ni pale njia ya kushukia inapoungana na barabara ya chini. Katika kazi moja nilikubali kituo cha daladala kiwekwe karibu mno na muungano huo, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Asubuhi ya siku ya kwanza nilisimama pale na kuona nilichopaswa kukiona kwenye mchoro: magari yanayoshuka yanataka kuhamia kulia, daladala zinataka kuingia kushoto, konda anapiga bodi, bajaji inajipenyeza katikati, na foleni inapanda mpaka juu ya daraja lenyewe. Tulikisogeza kituo mbele, na daraja likaanza kufanya kazi lililojengewa.

Kilichobaki kilikuwa cha waenda kwa miguu. Kivuko tulichochora kilikuwa mbali na kituo kipya, na haikupita muda nyasi za katikati ya barabara zikawa na njia nyembamba ya udongo, iliyonyooka kutoka kituoni hadi kwa mama lishe ng'ambo ya pili. Tulichukua futi kamba, tukapima ilipo njia ile, tukahamishia kivuko hapo.